Chema Hakikujiuza: Wasomi na Desturi ya Kujitangaza

Wapo watafiti wanaoona haya kuweka kazi zao mtandaoni. Kwao, ukurasa wenye jina la mtu na orodha ya makala zake ni majigambo, na methali wanayo: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini historia ya utafiti haiwaungi mkono. Katika elimu, chema kisichotangazwa kimelala kabatini mara nyingi mno, na hasara ikawa ya wote.

Wasomi wa Ulaya wa karne ya 17 waliishi na hofu mbili: wakisema mapema wataibiwa, wakinyamaza watatanguliwa. Mwaka 1610 Galileo alipoona jambo geni kwenye sayari ya Zohali, aliuvuruga ugunduzi wake ukawa mrundo wa herufi, akaupeleka Prague, ambako Johannes Kepler alihangaika kuufumbua akaishia kupata maana isiyokuwamo. Mwanaastronomia Huygens alifanya vivyo hivyo kuhusu pete ya sayari hiyohiyo mwaka 1656, akalifumbua fumbo lake mwaka 1659. Haki ya mgunduzi ilihifadhiwa, ila maarifa yalifungwa. Ndipo mwaka 1665 Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society ya London, alipoanzisha jarida la Philosophical Transactions. Habari za ugunduzi zilichapwa zikasomwa na wote, na tarehe yake ikawa shahidi wa nani alitangulia. Tangu hapo uwazi ukaanza kuwa ndio ulinzi. Newton, aliyeiweka hesabu yake mpya (kalkulasi) bila kuichapisha hadi mwanahisabati Leibniz akachapisha ya kwake mwaka 1684, aliambulia ugomvi ambao hata kifo cha Leibniz mwaka 1716 hakikuumaliza.

Mtu atasema: basi kuchapisha jaridani kunatosha. Gregor Mendel alichapisha. Makala yake kuhusu urithi wa sifa katika njegere ilitoka mwaka 1866 katika jarida la chama cha wanasayansi cha mji wa Brünn, na karibu hakuna aliyeitilia maanani hadi mwaka 1900, miaka 16 baada ya yeye kufariki. Kuchapishwa ni kitu kimoja, kuonekana ni kingine. Pengo hilo ndilo mtandao ulikuja kuliziba, na si ajabu, kwani Tim Berners-Lee alipobuni wavuti mwaka 1989 katika maabara ya CERN, nia yake ilikuwa kuwawezesha wanasayansi kupeana taarifa. Mwaka 1991 Paul Ginsparg akaanzisha hazina ya makala iitwayo leo arXiv. Mwaka 1998 African Journals Online ikaanza kuyaonyesha majarida ya Afrika, na mwaka 2012 ikaja ORCID, namba ya tarakimu 16 inayomtambulisha mtafiti. Namba hiyo inatufaa sana sisi ambao mtu huandikwa leo kwa jina la baba, kesho kwa la babu, kazi zake zikaonekana za watu wawili.

Hoja nzito zaidi ni kwamba sifa hupotosha: wapo wanaojinukuu wenyewe ili kupandisha hesabu ya kunukuliwa, na wanaotangaza matokeo kabla hayajaiva. Ni kweli. Hata hivyo, ubaya huo unatokana na tabia, wala si na kuonekana. Mwanahisabati Grigori Perelman aliweka uthibitisho wake wa dhana ya Poincaré kwenye arXiv mwaka 2002 na 2003, akawaacha wenzake waukague, kisha akaikataa medali ya Fields mwaka 2006. Kazi yake ilikuwa wazi kwa dunia nzima, naye hakuwa na makuu. Kwa hiyo mtafiti atumie jina moja na namba moja, aweke makala na data pale zinapopatikana, na akikosea asahihishe hadharani. Huko si kujitembeza. Ni kutimiza wajibu ambao wasomi wamekuwa nao tangu 1665.