Mji wa Kucheza na Mji wa Wapagazi

Mwaka 1963 msanii Mholanzi Constant Nieuwenhuys alitoa picha 10 za litografia za mji alioubuni, New Babylon. Ngazi zinapanda hazijulikani ziendako, kuta nyembamba zinapishana, chumba kinaingia katika chumba. Katika mji huo mtu hupotea kwa raha yake. Umeinuliwa juu ya nguzo. Chini yanapita magari na kuna viwanda vinavyojiendesha. Juu hakuna mwajiriwa wala mwenye nyumba: watu wanahamahama, wanacheza, wanajenga na kubomoa. Wazo lilianza Alba, Italia, mwaka 1956, alipoona kambi ya Waroma (Wajipsi) waliokuwa wakifukuzwa huku na kule, akataka kuwasanifia makazi.

Mimi ni mtu wa Kasongo, mashariki mwa Kongo, na habari za mji wa wasafiri hazinilevyi upesi. Kwetu ulikuwapo. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Unguja, aliufanya makao yake tangu 1875, kisha mwanawe Sefu akautawala. Waungwana walikula wali wa mashamba yao na kuishi kwa starehe za Unguja. Lakini waliotembea kuliko wote ndio waliokuwa na hiari ndogo kuliko wote: wapagazi wenye pembe za ndovu mabegani, wakikata njia ya Kabambare hadi ziwa Tanganyika na kuendelea pwani, pamoja na mateka wa vijijini. Tarehe 22 Aprili 1893 jeshi la Dhanis, ofisa wa Kibelgiji, liliuteka mji. Bendera ikawa ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Mzigo ukabaki begani pa mpagazi yule yule. Baadaye Kasongo ikahamishwa, na mahali pa zamani, Tongoni, sasa wanaakiolojia wamechimba na kusikiliza masimulizi ya wazee.

Constant hakulikwepa suala la kazi. Alisema mashine zitaifanya, ndipo kila mtu awe huru kucheza. Wala hakujidanganya kuhusu uhuru: picha zake za baadaye zina madoa kama ya damu, na mwaka 1974 akaufunga mradi.

Tippu Tip naye aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Frasila za pembe alizihesabu vizuri. Wengi waliozibeba hakuwataja kwa majina. Ndiyo maana namheshimu yule Mholanzi: kabla ya kuwachora wanaocheza, alijiuliza nani atafanya kazi. Anayetaka kuandika historia ya Kasongo naye aanzie hapo, kwa wapagazi, ndipo afike kwenye baraza za mabwana.