Njia Mbili Kutoka Indiana

Mwaka 1990 madaktari wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walikuwa wameshaanza kushirikiana na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, Kenya, kufundisha utabibu. Mwaka 1992 wenzao wa Indiana, wakiongozwa na Hugh Hendrie, walianza kazi nyingine Ibadan, Nigeria, bega kwa bega na Profesa Benjamin Osuntokun. Hao walifuata wazee majumbani kupima kumbukumbu.

Kipimo chao kilimheshimu mzee ambaye hakuwahi kuketi darasani. Anaonyeshwa kiwiko na kuulizwa kinaitwaje. Anaulizwa nyundo ni ya kazi gani. Kisha anaulizwa jamaa wa karibu: je, huyu amebadilika?

Majibu yalitoka 2001. Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ilikuwa ikiwapata wazee wa Ibadan kwa kiwango kisichofika hata nusu ya kile cha Wamarekani weusi wa Indianapolis, jimboni Indiana. Mwaka huo huo Eldoret ilianzisha AMPATH, mpango wa matibabu, kwa sababu Ukimwi ulikuwa ukimaliza watu. Hakuna wa kulaumiwa kwa uamuzi huo. Wodi zilijaa vijana wanaokufa. Baadaye wahudumu wa AMPATH walibisha hodi nyumba kwa nyumba magharibi mwa Kenya wakipima virusi vya Ukimwi.

Kumbukumbu za wazee huko zilisubiri. Kwingineko, kipimo cha Ibadan kilifika Nyeri, Kenya, na matokeo yakachapishwa 2010. Wilayani Hai, Tanzania, watafiti waliwachunguza watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Mwaka 2013 walitangaza kwamba 6.4% wana dimenshia, kundi la magonjwa ya kupoteza kumbukumbu ambalo Alzheimer ni mojawapo. Dhana kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu haikuwa na pa kusimama tena.

Lakini Kimumu, mtaa wa Eldoret kwenye barabara ya Iten, mama akiweka sufuria jikoni akasahau moto, au akipotea njia ya kurudi kutoka dukani, wengi bado husema ni uzee tu. Kumbe huenda ni ugonjwa, na shinikizo la damu lisilotibiwa huuchochea.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii 100,000 hubeba mashine za kupima shinikizo na sukari hadi mlangoni. Serikali ya Kaunti ya Uasin Gishu na Chuo Kikuu cha Moi wawaongezee wahudumu hao maswali yale ya kiwiko na nyundo, na waanzie Kimumu.