Mgombea mwenza (Tanzania)

Mgombea mwenza ni mtu anayesimamishwa na chama cha siasa bega kwa bega na mgombea urais, wawili hao wakipigiwa kura moja. Mpiga kura hawezi kumtaka mmoja akamkataa mwenzake: rais akichaguliwa, Makamu wa Rais naye amechaguliwa. Tanzania ilianza kuutumia utaratibu huu katika uchaguzi mkuu wa 1995. Makala hii inaueleza kwa jumla, kisha inatua katika nyanda za juu za Kigoma, yaani Kasulu, Kibondo, Buhigwe na Kakonko. Huko ndiko alikotoka Philip Isdor Mpango, Makamu wa Rais pekee wa mfumo huu ambaye hakuwahi kuwa mgombea mwenza wa mtu yeyote.

Neno lenyewe lina utani ndani yake. Katika Kiswahili cha nyumbani, mwenza ni mke mwenza, na wake wenza hawasifiki kwa kupendana. Wanasiasa walilichukua wakilitaka limaanishe mshirika. Aliyefuatilia yaliyompata Naibu Rais Rigathi Gachagua nchini Kenya atakubali kwamba maana ya zamani bado imo humo humo.

Asili yake

Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulipofanyika Aprili 1964, Abeid Amani Karume, Rais wa Zanzibar, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais, na Rashidi Kawawa akawa Makamu wa Pili. Tangu hapo umakamu ukawa unafuata kiti kingine. Aliyekuwa Rais wa Zanzibar alikuwa makamu kwa sababu hiyo tu, na Ali Hassan Mwinyi wa Zanzibar alipoingia Ikulu mwaka 1985, Waziri Mkuu Joseph Warioba akawa Makamu wa Kwanza huku Idris Abdul Wakil wa Zanzibar akiwa wa Pili. Mpiga kura wa Kasulu hakuulizwa lolote juu ya makamu. Alipewa jina moja la mgombea urais, aseme ndiyo au hapana.

Chama kilipokuwa kimoja, mpango huo haukumsumbua mtu. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, swali likaja: itakuwaje Zanzibar ikichukuliwa na chama kingine, na rais wake aingie moja kwa moja kuwa msaidizi wa rais wa CCM? Mabadiliko ya Kumi na Moja ya Katiba, ya mwaka 1994, yalikata mzizi huo kwa kumwondoa Rais wa Zanzibar katika umakamu na kuleta mgombea mwenza. Hofu haikuwa ya bure. Oktoba 1995 Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi Zanzibar kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif Sharif Hamad wa CUF, na CUF iliyakataa matokeo hayo.

Ibara ya 47 ya Katiba ndiyo inayotawala jambo hili. Mgombea mwenza hupendekezwa na chama kile kile na wakati ule ule anapopendekezwa mgombea urais, na lazima atoke upande wa pili wa Muungano. Sifa zake ni zile zile za rais: raia wa Tanzania kwa kuzaliwa, umri usiopungua miaka 40, mwanachama wa chama kinachomsimamisha. Sharti la uraia wa kuzaliwa linasomeka kwa uzito wa pekee Kigoma. Kiha, lugha ya Waha wa huko, na Kirundi husikilizana, na Muha wa kata kama Kitanga, jirani na mpaka, amezoea kuulizwa kama kweli ni Mtanzania hata anapokwenda kutafuta kitambulisho tu.

Hesabu isiyokwenda na kura

Katika nchi nyingi mwenza hutafutwa kwa penseli na karatasi: eneo gani limelegea, nani wa kulivuta. Marekani, John F. Kennedy alimchukua Lyndon Johnson mwaka 1960 akiwa na macho kwenye Texas. Kenya hesabu hiyo hufanywa hadharani. Mwaka 2022 William Ruto alimtangaza Gachagua wa Nyeri, na kesho yake Raila Odinga akamtangaza Martha Karua wa Kirinyaga. Wote wawili waliuwania Mlima Kenya. Ruto alishinda kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85, na miaka miwili baadaye, tarehe 17 Oktoba 2024, Seneti ilimwondoa Gachagua madarakani.

Tanzania hesabu hiyo haisimami. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchi nzima, na kati yao Zanzibar ilikuwa na 1,889,773. Mkoa wa Kigoma peke yake ulikuwa na 2,470,967. Kwa idadi ya vichwa, basi, chama kingekuwa na sababu kubwa zaidi ya kumtafuta mwenza Kasulu kuliko Unguja na Pemba zikiwekwa pamoja. Lakini Katiba haiulizi vichwa, inauliza pande mbili za Muungano. Mgombea urais akiwa wa Bara, mwenza ni wa Zanzibar, basi. Mtu wa Kibondo, wa Sumbawanga au wa Tanga, hata angekuwa na sifa za malaika, jina lake halifiki mezani.

Kwa sababu hiyo mwenza wa Tanzania haongezi kura nyingi, na vyama vinalijua hilo. Anachoongeza ni kingine: kutuliza makundi ndani ya chama, kukipa chama sura Zanzibar, na zaidi ya yote kuandaa mrithi, ingawa hilo la mwisho kwa miaka mingi lilichukuliwa kama kipengele cha kusomwa tu.

CCM ilianza na desturi ya kuwachukua watu waliokwisha kulishika gurudumu la serikali ya Zanzibar. Dk. Omar Ali Juma, mwenza wa Benjamin Mkapa mwaka 1995 na 2000, alikuwa Waziri Kiongozi. Alifariki Julai 2001 na nafasi yake ikajazwa na Dk. Ali Mohamed Shein, ambaye baadaye, mwaka 2005, alisimama kama mwenza wa Jakaya Kikwete. Mwaka 2010 ndipo ulipoonekana ufundi wa vikao vya Dodoma. Dk. Mohamed Gharib Bilal, Waziri Kiongozi wa zamani, alikuwa akiutaka urais wa Zanzibar. Chama kikampa Shein nafasi hiyo, kisha kikamfanya Bilal mwenza wa Kikwete. Walibadilishana viti, na kundi la Bilal likakosa sababu ya kununa.

Julai 2015 kilichoamua kilikuwa kingine. Mkutano Mkuu wa CCM uliletewa majina matatu ya mwisho, mawili ya wanawake. John Magufuli alipata kura 2,104, Amina Salum Ali 253 na Asha-Rose Migiro 59. Baada ya wanawake wawili kushindwa ukumbini, Magufuli alimtaja mwanamke wa tatu ambaye hakuwamo katika kinyang'anyiro: Samia Suluhu Hassan, mbunge wa Makunduchi na waziri wa mambo ya Muungano. Wananchi walikuwa wamemzoea mwaka uliotangulia, akiwa Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalum la Katiba. Wengi waliuona uteuzi huo kuwa wa kupamba tiketi. Magufuli alipofariki tarehe 17 Machi 2021, ilichukua siku mbili tu kwa pambo hilo kuapishwa kuwa Rais na Amiri Jeshi Mkuu.

Upande wa upinzani mwenza amekuwa gundi ya kuunganisha vyama, na gundi hiyo haikushika vizuri kila mara. Mwaka 2015 vyama vya umoja wa upinzani, UKAWA, vilimsimamisha Edward Lowassa kwa tiketi ya CHADEMA. Mwenza akatakiwa kutoka CUF, chama chenye mizizi Zanzibar, lakini sheria haitambui mwenza wa chama kingine. Juma Duni Haji ikabidi avue kadi ya CUF na kuvaa ya CHADEMA. Mwaka 2020 ACT-Wazalendo ilikuwa na tiketi yake, Bernard Membe na Omar Fakih Hamad, ilhali viongozi wake wakuu, akiwemo Zitto Kabwe wa Kigoma, walikwisha kumuunga mkono Tundu Lissu wa CHADEMA na mwenza wake Salum Mwalimu. Mwaka 2025 jina la Luhaga Mpina, mgombea urais wa ACT-Wazalendo, lilipoenguliwa, mwenza wake Fatma Fereji naye akawa nje bila kosa lake. Mwenza hana kiti chake mwenyewe.

Hata hivyo, uzito wa mwenza kisheria ulidhihirika zaidi mwaka 2005. Jumbe Rajab Jumbe, mwenza wa Freeman Mbowe wa CHADEMA, alifariki siku chache kabla ya upigaji kura wa tarehe 30 Oktoba. Chama hakikuwa na matumaini makubwa ya kushinda, lakini uchaguzi wa Muungano ulisogezwa hadi tarehe 14 Desemba, Zanzibar ikiendelea na wa kwake kama ilivyopangwa.

Kasulu, Kibondo na ng'ambo ya mpaka

Mtu wa nyanda za juu za Kigoma anao mfano mwingine karibu kuliko Nairobi. Ng'ambo ya mpaka, Katiba ya Burundi ya 2018 inataka Makamu wa Rais awe wa kabila na chama tofauti na vya Rais, naye huteuliwa kwa idhini ya Bunge badala ya kupigiwa kura. Ni mizani kama ya Tanzania, ila Burundi inapima Wahutu na Watutsi pale Tanzania inapopima Bara na Visiwani. Katika nchi zote mbili umakamu umewekwa ili kitu fulani kisivunjike.

Kisiasa, Buha, yaani nchi ya Waha, si ya kuchukuliwa kirahisi. Mwaka 2010 NCCR-Mageuzi ilipata viti vinne vya majimbo Tanzania nzima, vyote mkoani Kigoma: Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini, Muhambwe, ambalo ndilo jimbo la Kibondo, na Kigoma Kusini. Nchi nyingine, eneo linaloasi namna hiyo lingepelekewa mgombea mwenza katika uchaguzi uliofuata. CCM haikuweza kufanya hivyo hata kama ingetaka, kwa kuwa wagombea wake wa urais walikuwa wa Bara. Ilibaki na uwaziri, barabara na ahadi.

Mpango alifika juu kwa njia ya ofisini. Alizaliwa tarehe 14 Julai 1957 huko Buhigwe, wakati huo ikiwa sehemu ya Kasulu. Wilaya ya Buhigwe ilimegwa mwaka 2012, sawa na Kakonko iliyotoka Kibondo. Alifundisha uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafanya kazi Benki ya Dunia, kisha akaongoza Tume ya Mipango (jina na kazi havijawahi kukaa pamoja vizuri zaidi). Mwishoni mwa 2015 alikaimu ukuu wa Mamlaka ya Mapato, na kabla mwaka haujaisha akawa Waziri wa Fedha, akiingia bungeni kwa uteuzi wa Rais. Ni mwaka 2020 tu alipochaguliwa na wananchi, kuwa mbunge wa Buhigwe.

Samia alipoapishwa, umakamu ulibaki wazi. Ibara ya 37 inamtaka rais aliyerithi kiti namna hiyo, akiisha kushauriana na chama chake, apeleke jina bungeni lithibitishwe kwa kura zisizopungua nusu ya wabunge wote. Na kwa kuwa Rais sasa alikuwa wa Zanzibar, mlango uliofungwa kwa watu wa Bara tangu 1995 ukafunguka. Tarehe 30 Machi 2021 Spika Job Ndugai alifungua bahasha mbele ya Bunge na kusoma jina la Mpango. Kura 363, zote za ndiyo. Kesho yake akaapishwa. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, Bunge lilifanya siku ile kazi ambayo kura za wananchi zisingeweza kuifanya kwa miaka 26: lilimtoa makamu katika kona ya nchi isiyokuwa na la kuipa tiketi.

Umakamu huo uliwapa watu wa Buhigwe kazi ya kurudi vituoni. Kiti chao cha ubunge kilibaki wazi, na cha Muhambwe kilikuwa wazi pia baada ya mbunge wake Atashasta Nditiye kufariki Februari kutokana na ajali ya gari. Chaguzi ndogo za majimbo hayo mawili zilifanyika siku moja, tarehe 16 Mei 2021, na zote zilikwenda CCM.

Januari 2025 CCM ilikutana Dodoma na kumpitisha Samia kuwa mgombea urais. Kwa mara ya kwanza tangu mfumo uanze, tiketi ya chama hicho iliongozwa na Mzanzibari, na kwa hiyo mwenza angetoka Bara. Mpango angefaa kikatiba, lakini Rais aliueleza mkutano kwamba makamu wake alikuwa ameomba kupumzika. Jina lililotajwa likawa la Dk. Emmanuel Nchimbi, Katibu Mkuu wa chama. Nchimbi mwaka 2015 alikuwa miongoni mwa wajumbe watatu wa Kamati Kuu waliojitenga hadharani na uamuzi wa kulikata jina la Lowassa alipokuwa bado akiutafuta urais ndani ya CCM. Kumweka mtu wa namna hiyo kwenye tiketi ni hesabu ya ndani ya chama kuliko ya kura.

Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifanyika bila CHADEMA, huku Lissu akiwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Tiketi ya CCM ilitangazwa kupata karibu asilimia 98 katikati ya maandamano, vifo na intaneti kuzimwa, na waangalizi wa Umoja wa Afrika walisema uchaguzi haukufikia viwango vyao. Katika uchaguzi huo huo Salum Mwalimu, mwenza wa Lissu mwaka 2020, aligombea urais kupitia CHAUMMA, naye kwa kuwa ni wa Zanzibar akamchukua Devotha Minja wa Bara. Nchimbi aliapishwa tarehe 3 Novemba 2025. Mpango akaondoka baada ya miaka minne na miezi saba katika umakamu, bila jina lake kuchapwa hata mara moja kwenye karatasi ya kura ya urais.