Karata, Turufu na Haki ya Mezani

Mtu akifika Kalokol jioni, wakati joto limepungua na upepo wa ziwa waanza kuvuma, huenda akawakuta wazee wa Kiturkana chini ya mti wakicheza ngikiles, yaani bao la vishimo, na hatua chache kutoka hapo vijana wamezunguka mkeka wakicheza karata. Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikifundisha upande ule, niliitwa kuamua ugomvi wa mkeka kama huo. Kijana mmoja alikuwa amekata kwa turufu, hali karata iliyotangulia ilikuwa kopa, na yeye mwenyewe alikuwa na kopa mkononi. Wenzake walimwita mwizi. Yeye aliapa kwamba kopa ile ilijificha nyuma ya uru, kwa kuwa zote mbili ni nyekundu, naye hakuiona. Wakataka niseme: je, huyu ni mwizi au si mwizi? Nilishindwa kujibu, nikawatawanya waende wakalale. Lakini swali lile halikuniacha, nikaanza kutafuta habari za karata na za sheria zake.

Kwanza niliyatazama maneno yenyewe. Karata, turufu, kopa, uru, shupaza, pau: yote haya tuliyapata kwa Wareno, waliofika Mombasa na Malindi pamoja na Vasco da Gama mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na kupokonywa ngome hiyo mwaka 1698. Wao husema carta, trunfo, copas, ouros, espadas na paus, maana yake vikombe, dhahabu, panga na magongo. Msomaji atashangaa, kwa sababu katika karata za siku hizi haoni kikombe wala upanga. Sababu yake ni kwamba majina ni ya zamani kuliko picha. Katika Misri ya Wamamluki palikuwa na karata 52 za aina nne, vikombe, sarafu, panga na fimbo za kuchezea polo, na katika karne ya 14 michezo hii ilivuka bahari ikaingia Ulaya ya kusini. Wafaransa baadaye walibadili picha, wakachora moyo na jani; lakini Wareno waliyashika majina ya zamani, nasi wa pwani tukayapokea kwao.

Tena yako mambo ya ajabu zaidi. Waswahili waliiita malkia mzungu wa pili, ghulamu mzungu wa tatu, na mfalme mzungu wa nne. Kwa nini malkia awe chini ya ghulamu? Jibu limo katika hesabu. Katika michezo ya Wareno kama bisca na sueca, malkia huhesabiwa 2, ghulamu 3, mfalme 4, saba 10, na ree 11. Jumla yake ni 30, na kwa aina nne ni 120. Nusu yake ni 60, basi apataye 61 ameshinda. Nao wazee wa pwani wana mchezo uitwao wahedi wa sitini, ambayo kwa Kiarabu ni sitini na moja! Hesabu ni ya Kireno, jina ni la Kiarabu, wachezaji ni Waswahili. Sijui ushahidi wa historia ulio mtamu kuliko huu, nao umelala katika kila mkoba wa karata.

Briji haikuja kwa njia hiyo. Mama yake ni mchezo wa Waingereza uitwao wisti, ambao Edmond Hoyle aliuandikia kitabu London mwaka 1742. Huchezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili, na wenzi hukaa wakitazamana. Kila mmoja hupewa karata 13. Mmoja hutupa karata, na waliobaki ni lazima wafuate aina ile ile kama wanayo. Mwenye kubwa hula zote nne, na hilo huwa fungu moja. Mwaka 1886 kulichapishwa London karatasi ndogo juu ya mchezo mpya ulioitwa Biritch. Hatimaye, mwaka 1925, Mmarekani Harold Vanderbilt, akisafiri kwa meli kupitia mfereji wa Panama, alitunga namna mpya ya kuhesabu alama, na mchezo ukawa kama ulivyo leo.

Huku kwetu Waingereza waliuleta wakati wa ukoloni na kuucheza katika klabu zao, kama ile ya Muthaiga iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1913, ambamo Mwafrika hakuingia ila kama mtumishi. Turkana wakati huo ilikuwa wilaya iliyofungwa, mgeni haingii ila kwa kibali. Basi si ajabu kwamba karata za pwani zilienea kwa watu wa kawaida, na briji ikabaki nyuma ya kuta.

Linaloitenga briji na karata nyingine ni mnada. Kabla ya kucheza, kila mtu kwa zamu yake hunadi: husema kwamba yeye na mwenziwe watakula mafungu kadhaa, na aina fulani ikiwa turufu, au husema, "Napita." Anayefikia kiwango cha juu hufungwa na ahadi yake. Akiahidi kidogo, hupoteza faida. Akiahidi kikubwa asikifikie, hulipa. Kwa hiyo mnada ni lugha. Mtu humwambia mwenziwe hali ya mkono wake, lakini kwa maneno machache yaliyoruhusiwa tu, tena mbele ya adui wanaosikia yote.

Hapa ndipo taabu inapozaliwa. Katika ngikiles kila kete iko wazi, na mtu hawezi kumnong'oneza mwenzi asiyekuwapo. Katika briji, kukohoa kwaweza kuwa habari. Chukua mfano huu. Mwenzi wangu afikiri muda mrefu, kisha asema, "Napita." Nimekwisha jua kwamba mkono wake si dhaifu kabisa. Je, ninadi au nipite? Sheria yasema kwamba kufikiri si kosa, na mwenzi wangu hana hatia yoyote. Aliyefungwa ni mimi: ikiwa njia mbili zote ni za busara, siruhusiwi kuichagua ile ambayo kusitasita kwake kumenidokezea. Nadhani hii ni sheria ngumu kuliko zote, maana yamtaka mtu asitumie jambo ambalo tayari analijua.

Juu ya kosa la kijana wetu, yaani kutofuata aina hali unayo, sheria ya briji haimwulizi mtu nia yake. Akitambua mapema, hurekebisha. Akichelewa, mwamuzi huitwa mezani, na kwa kawaida fungu moja au mawili hupewa wapinzani, mchezo ukaendelea. Wenye kutunga sheria hizi waliandika kwamba shabaha yake si kuadhibu bali kurudisha kilichoharibika. Lakini avunjaye kwa makusudi, hata kama yu tayari kulipa, huyo ametenda jambo jingine kabisa.

Jambo hilo jingine lilionekana Buenos Aires, Argentina, mwaka 1965, katika mashindano ya dunia. Waingereza wawili mashuhuri, Terence Reese na Boris Schapiro, walishtakiwa kwamba walikuwa wakionyeshana idadi ya kopa zao kwa vidole walivyoshikia karata. Shirikisho la dunia likawatia hatiani. Wakakana. Uingereza nayo ikafanya uchunguzi wake chini ya Sir John Foster, na mwaka 1966 ukasema kwamba hatia haikuthibitika. Vidole vile vile, hukumu mbili. Watu hubishana juu yake mpaka leo.

Mwaka 1975, huko Bermuda, yakawekwa mapazia mezani ili mchezaji asimwone mwenziwe. Katika mashindano hayo hayo Wataliano wawili wakashtakiwa kwamba walikuwa wakigusana kwa miguu chini ya meza. Basi pakawekwa ubao chini pia.

Nilipowarudia vijana wangu wa Kalokol niliwapa hukumu ya mafungu mawili, na nikawaambia kwamba neno "mwizi" lisitajwe tena. Aliyekosa alikubali mara moja. Mpinzani wake alizihesabu karata alizopewa, akanung'unika kwamba faini isiyomtia mtu aibu si faini, kisha akachanga karata na kugawa upya.