Dar es Salaam na Mipango Yake Iliyosahauliwa

"Dar haikupangwa." Nimeisikia kauli hii kwa madalali wa viwanja, kwenye daladala, hata kwa wasomi. Kumbukumbu zinasema vingine: jiji lilipata mpango kabambe mwaka 1949, likapata mwingine 1968, na wa tatu 1979. Sasa kauli hiyo imetoka wapi?

Kutafuta jibu, nilianzia uwanja wa Mnazi Mmoja. Simulizi iliyozoeleka ni kwamba uwanja ule uliachwa wazi ili maradhi yasivuke kutoka Kariakoo, mtaa wa wenyeji. Nikafungua ramani za zamani. Zinaonyesha mpaka, hazitaji sababu. Nilipokwama hapo niligeukia kanuni za ujenzi za Waingereza za miaka ya 1920. Ziligawa mji kanda tatu kwa aina ya nyumba: za Kizungu, za makazi na biashara, na za wenyeji. Hapakuwa na haja ya kuandika rangi ya mtu. Ukuta na paa vilitosha kumtenga. Je, afya ilikuwa sababu, au kisingizio?

Uhuru ulikuja, na ubomoaji ukafuata. Miaka ya 1960 vibanda vilivunjwa, Magomeni ikiwamo, ili zijengwe nyumba bora. Mwaka 1972 serikali ikageuka: makazi holela yaboreshwe, yasibomolewe. Wapo wanaosema ilikuwa huruma ya Ujamaa. Sipingi, ila naona na hesabu pia: ukivunja nyumba ili ujenge nyumba, wageni wanaoingia mjini kila siku utawalaza wapi? Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Manzese ikapata barabara na maji, Sinza ikapimwa viwanja. Mbona basi ujenzi holela uliendelea kutanuka?

Mzee mmoja wa Manzese alinijibu kwa ukali. "Mwanangu, sisi hatukuvamia. Tulinunua kwa mwenye shamba." Akanitolea karatasi ya daftari iliyochakaa mikunjo: bei, mpaka wa mwembe, saini za mashahidi, na ya mjumbe wa nyumba kumi. Naamini karatasi za namna hii zimejenga sehemu kubwa ya jiji kuliko michoro yote niliyoisoma. Mbele ya sheria zina uzito gani?

Sheria ya Ardhi ya 1999 ilifungua mlango wa urasimishaji wa makazi kama haya. Hata hivyo, leseni ya makazi iliyoanzishwa nayo haikuruhusiwa kuzidi miaka miwili, na mzee yule ameishi Manzese tangu ujana wake. Leo jiji lina watu zaidi ya milioni 5 na mpango mwingine, wa 2016–2036. Waliouchora waliwahi kuomba kuiona karatasi ya mjumbe?