Kalenga 1894: filamu ninayoisubiri

Wadau, kwa sisi tunaosafiri njia ya Iringa, habari za Mkwawa zinaanzia barabarani. Basi likishaondoka Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu, likapanda Kitonga na kuipita Ilula, unaukuta mnara wa Lugalo. Huko ndiko tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walipowavizia Wajerumani njiani na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Hiyo tumeimba tangu shule ya msingi.

Ya Kalenga hatuiimbi sana, nadhani kwa sababu pale tulipigwa. Mtwa Mkwawa aliuzungushia mji wake ukuta mkubwa wa kilometa kadhaa. Hata jina Iringa limetokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Mwishoni mwa Oktoba 1894 Gavana von Schele akaja na mizinga, na tarehe 30 askari wake wakaingia ndani. Mji ukaanguka. Mkwawa akaponyoka.

Seko Shamte alishatutengenezea filamu ya Mkwawa: Shujaa wa Mashujaa. Mimi nasubiri nyingine, ya siku zile chache tu za Kalenga. Swali lake ni moja: mji ukianguka, kiongozi afie humo au aondoke?

Wapo watakaosema alikimbia. Jamani, tuangalie tarehe. Ukuta ulidumu siku chache mbele ya mizinga, lakini yeye bila ukuta alipigana porini karibu miaka minne. Wajerumani wakamtawaza ndugu yake, Mpangile, mwaka 1896, na mwaka 1897 wakamnyonga wao wenyewe. Mkwawa alijipiga risasi Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe. Fuvu lake likapelekwa Ujerumani, likarudi mwaka 1954, na sasa liko makumbusho ya Kalenga, palepale alipopoteza mji.

Ila miaka minne hiyo kuna watu waliilipia. Mtu hakai porini bila kulishwa. Kuna waliompa ugali na kumficha huku wakijua kuwa Mjerumani akigundua, nyumba na shamba vinachomwa moto. Majina yao hayako kwenye mnara wowote. Kama kuna mtu wa filamu anayesoma hapa, namwomba kamera aianzishe kwao. Mtwa tunamjua tayari.

Naomba kuwasilisha.