Kikuza Sauti cha Kale na cha Kisasa: Historia na Istilahi

Miongoni mwa maneno yanayowasumbua wafasiri wa maelezo ya vyombo vya umeme ni jina la chombo kikaacho kati ya gramafoni na spika, ambacho huuongezea nguvu umeme dhaifu utokao kwenye sindano hata uweze kuitikisa spika. Wengi hukiita kipaza sauti. Lakini jina hilo limekwisha kupewa maikrofoni, na spika vilevile. Kwa hiyo onyo moja la lazima husomeka hivi: "Usiwashe kipaza sauti kabla ya kuunganisha kipaza sauti." Ili kuonyesha madhara ya kauli hiyo, yatupasa kwanza kuitazama historia.

Mwaka 1904 John Ambrose Fleming wa Uingereza alivumbua vali ya ncha mbili. Mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani akaongeza ncha ya tatu, na baada ya miaka michache ikadhihirika kwamba vali hiyo yaweza kukuza mawimbi ya umeme. Desemba 1947 John Bardeen na Walter Brattain waliunda transista katika maabara ya Bell, Marekani. Mwaka 1956 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na William Shockley.

Njia hizi mbili zaonekana wazi katika kazi ya Peter Walker huko Huntingdon, Uingereza. Mwaka 1953 kampuni yake ilitoa Quad II, ya vali, yenye nguvu ya wati 15. Aliyetaka sauti ya stirio alihitaji mbili. Mwaka 1967 ikatoka Quad 303, ya transista, wati 45 kwa kila upande, zote katika sanduku moja.

Anayechagua leo hana budi kuzijua tofauti zake. Cha vali ni kizito, hutoa joto jingi, na vali zake huchakaa. Ndani yake mna umeme wa mamia ya volti, ambao huweza kubaki hata baada ya kukichomoa. Kikiwashwa na kupigishwa muziki bila spika, transfoma yake ya kutolea yaweza kuharibika. Cha transista kwa kawaida hakidhuriki hivyo. Adui yake ni nyaya za spika kugusana. Wapenzi wa vali husifu ulaini wa sauti yake, ingawa sehemu ya ulaini huo ni mageuzi ambayo vali zenyewe huyatia katika wimbi.

Basi maneno "cha kale" na "cha kisasa" hayatoshi. Vikuza sauti vya vali vingali vikitengenezwa vipya, na Quad 303 ya kwanza, ijapokuwa ni ya transista, sasa ina zaidi ya miaka 50. Twapendekeza kikuza sauti, spika na maikrofoni yawe majina matatu ya vitu vitatu. Aina itajwe kwa vali au transista, na umri utajwe kwa mwaka.

Mwalimu wa fizikia aweza kutukosoa kwamba kinachokuzwa ni wimbi la umeme, si sauti. Ni kweli, na darasani aseme kikuza mawimbi. Nyumbani, chombo huitwa kwa kazi yake, na onyo lile sasa laeleweka: "Usiwashe kikuza sauti cha vali kabla ya kuunganisha spika."